Akiba Isiyokuwa Akiba: Kuhusu Fedha za Vyuo Vikuu vya Umma

Katika mijadala ya bajeti nchini Kenya, kuna hoja ambayo imekwisha kuchukuliwa kuwa ukweli usiohitaji ushahidi: kwamba anayefaidika na shahada ni mwenye shahada, kwa hivyo yeye na mzazi wake ndio wanaopaswa kuigharamia. Serikali, kwa mujibu wa hoja hii, ilijitwika tangu uhuru mzigo usiokuwa wake, na kila shilingi inayoupunguza mzigo huo ni shilingi iliyookolewa kwa ajili ya barabara, zahanati na shule za msingi. Hoja yenyewe haikuzuliwa na utawala wa sasa. Ilikuwepo serikali ilipoanzisha mtindo wa kugawana gharama na wazazi mwanzoni mwa miaka ya 1990, ilikuwepo Chuo Kikuu cha Nairobi kilipofungulia mlango wanafunzi wa kujilipia mwaka 1998, na ilitawazwa rasmi Mei 2023 ulipozinduliwa mfumo mpya wa ufadhili. Ninashikilia kwamba ni kosa la kiuchumi hata kabla ya kuwa kosa la haki. Fedha ambazo serikali imeacha kuvipa vyuo vikuu vya umma hazikuokolewa popote. Zimegeuka madeni, na madeni hayo yanaligharimu taifa zaidi ya ruzuku iliyokatwa.

Tuanze na chimbuko. Katika miaka ya 1970 na 1980, wanauchumi waliofanya kazi na Benki ya Dunia, George Psacharopoulos akiwa mashuhuri kati yao, walilinganisha mishahara ya waliofika chuo kikuu na ya walioishia madarasa ya chini, wakatoa gharama za masomo, wakafikia mambo mawili: kwamba elimu ya msingi inailipa jamii zaidi kuliko elimu ya juu, na kwamba faida anayoipata mhitimu inaizidi ile inayoifikia jamii. Ushauri ukafuata: fedha za umma zihamishiwe shule za msingi, na mwanafunzi wa chuo aanze kuchangia. Mataifa ya Afrika yaliyokuwa yakiwategemea wakopeshaji wakati wa mipango ya marekebisho ya kiuchumi hayakuwa na nafasi kubwa ya kubisha. Lakini itazame hesabu yenyewe. Faida ya mhitimu ilipimwa kwa mshahara wake. Faida ya jamii nayo ilipimwa kwa mshahara huohuo, kabla tu ya kukatwa kodi. Kisha upande wa jamii ukabebeshwa gharama yote, pamoja na ruzuku ya serikali, ilhali upande wa mhitimu ulibebeshwa alichotoa mfukoni na mapato aliyoyakosa alipokuwa akisoma. Katika nchi ambako serikali ndiyo inayolipia sehemu kubwa ya masomo, ni vigumu sana kwa jamii kuonekana imefaidika kuliko mhitimu. Kwa kiasi kikubwa jibu lilikuwa ndani ya kanuni kabla takwimu hazijakusanywa. Chochote ambacho mhitimu huwafanyia wengine bila kulipwa, kwa kumkinga jirani na maradhi au kwa kuinua darasa zima la kidato cha nne, kilihesabiwa kuwa sifuri.

Kuna kasoro nyingine iliyo mbaya zaidi, na sijui kwa nini hutajwa mara chache. Katika nchi zetu mwajiri mkuu wa madaktari, walimu wa sekondari, maafisa wa kilimo na wahandisi wa maji ni serikali yenyewe. Mshahara wao haupimi thamani ya kazi yao sokoni. Unapima kiasi ambacho Hazina Kuu iliamua kuwalipa. Serikali ikibana mishahara ya madaktari, mtaalamu atakuja na jedwali kuonyesha kwamba mafunzo ya udaktari yana faida ndogo kwa jamii, na jedwali hilo litatumiwa kukata fedha za mafunzo hayo. Uamuzi wa kisiasa wa jana unageuzwa ushahidi wa kisayansi wa leo.

Benki ya Dunia yenyewe imeuacha msimamo huo. Mwaka 2000, jopo iliyoliunda pamoja na UNESCO lilisema wazi kwamba elimu ya juu ilikuwa imepuuzwa katika nchi zinazoendelea, na kwamba hesabu zile za faida zilikuwa finyu. Mwaka 2006, David Bloom, David Canning na Kevin Chan waliiandikia Benki hiyo utafiti kuhusu Afrika na kukadiria kwamba kuongeza wastani wa mwaka mmoja wa elimu ya juu kunaweza kupandisha ukuaji wa pato la taifa kwa pointi 0.39 za asilimia kila mwaka. Mwaka 2019, Anna Valero na John Van Reenen walichapisha uchunguzi wa takriban vyuo vikuu 15,000 katika nchi 78, na wakaona kwamba eneo linaloongeza idadi ya vyuo kwa kila mkazi kwa asilimia 10 hufuatiwa baadaye na ongezeko la asilimia 0.4 la pato la kila mkazi wa eneo hilo. Makadirio kama haya hayafai kushikwa kama hesabu za benki, kwa sababu nchi inayokua nayo hujenga vyuo. Hata hivyo, yanatosha kumzuia waziri yeyote kusimama na kudai kwamba uchumi umekwisha kutoa hukumu dhidi ya chuo kikuu cha umma.

Wapinzani wangu wana takwimu moja wanayoipenda, nayo ni ya kweli. Claudio Montenegro na Harry Patrinos, katika kazi waliyoifanyia Benki ya Dunia mwaka 2014, walionyesha kwamba Afrika Kusini mwa Sahara ndiko shahada inakomlipa mwenye nayo vizuri zaidi duniani, kwa kiwango kinachozidi asilimia 20 kwa kila mwaka wa masomo. Basi na alipe, wanasema. Ninakubali alipe, na tayari analipa. Tangu Julai 2023 kiwango cha juu cha kodi ya mapato ya mtu binafsi nchini Kenya ni asilimia 35. Mhitimu anayefanikiwa hulipa kodi hiyo kwa miaka 30 au 40, huongeza kodi ya bidhaa katika kila anachonunua, na hulipa kulingana na uwezo wake halisi wakati anao. Asiyefanikiwa halipi sana, na ndivyo inavyostahili. Mkopo haujui tofauti hiyo. Kijana aliyehitimu na kukosa kazi ataanza kudaiwa na Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB) mwaka mmoja baada ya masomo, kwa riba ya asilimia 4, na akishindwa hutozwa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi. Yaani anayeshindwa kulipa kwa sababu hana kazi ndiye ambaye deni lake hukua haraka.

Faida isiyomo katika mshahara wa mtu yeyote inahitaji mfano, nao tunao karibu. Tangu miaka ya 1980, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi wakishirikiana na wenzao wa Manitoba, Kanada, wamefuatilia afya ya wanawake wa Pumwani waliokuwa katika hatari kubwa ya kuambukizwa virusi vya Ukimwi, na kutoka kwao sayansi ilijifunza kwamba wapo watu wanaokutana na virusi mara kwa mara bila kuambukizwa. Jijini Kisumu, chuo hichohicho pamoja na washirika wake walifanya jaribio la tohara kwa zaidi ya vijana 2,700. Lilisitishwa Desemba 2006 kwa sababu matokeo yalikuwa wazi mno: hatari ya kuambukizwa kwa wanaume ilipungua kwa zaidi ya nusu. Miezi michache baadaye Shirika la Afya Duniani lilipendekeza tohara hiyo kwa nchi zilizoathirika zaidi. Hakuna mwanafunzi ambaye karo yake ingegharamia utafiti huo, na hakuna kampuni ambayo ingeuuza. Msingi wake ulikuwa idara ya chuo cha umma, yenye madaktari waliosomeshwa kwa kodi. Fedha za jaribio lenyewe zilitoka Marekani na Kanada, na hapo ndipo penye uchungu: taifa linaloacha kugharamia watafiti wake haliwi taifa lisilo na utafiti, linakuwa taifa ambalo maswali yake huchaguliwa na mwenye fedha aliyeko mbali. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 iliagiza Hazina itoe asilimia 2 ya pato la taifa kwa Hazina ya Taifa ya Utafiti kila mwaka. Agizo hilo halijakaribiwa hata mwaka mmoja.

Sasa tuufuate mkondo wa fedha zilizodaiwa kuokolewa. Mwaka 2016 serikali ilianza kugawa fedha kulingana na gharama halisi ya kila kozi, ikiahidi kulipa asilimia 80 ya gharama hiyo. Wazo lilikuwa zuri, kwani kumfundisha daktari au mhandisi hakulingani kwa gharama na kumfundisha mwanafunzi wa historia. Ahadi haikutimizwa, mgao ulishuka mwaka baada ya mwaka hadi ukawa karibu nusu ya gharama. Wanafunzi nao waliendelea kulipa shilingi 16,000 kwa mwaka, karo iliyodumu bila kubadilishwa kwa takriban miongo mitatu. Chuo kilichopewa nusu ya gharama hakikuweza kufundisha nusu ya wanafunzi, kwa maana idadi yao iliamuliwa na serikali hiyohiyo. Kilichofanyika kinajulikana na kila mhasibu wa chuo. Kodi iliyokatwa kwenye mishahara ya wafanyakazi haikufikishwa kwa Mamlaka ya Mapato. Makato ya pensheni hayakufikishwa kwenye mifuko ya pensheni. Makato ya mikopo ya ushirika hayakufikishwa kwenye Sacco, na mhadhiri aliyekuwa akikatwa kila mwezi akajikuta ameorodheshwa miongoni mwa wasiolipa. Kufikia mwaka 2023, madeni ya vyuo vikuu vya umma yalizidi shilingi bilioni 60.

Deni hilo ndilo ruzuku iliyokatwa, ila sasa imevaa nguo nyingine. Sehemu yake serikali inajidai yenyewe, jambo lisilo na maana yoyote ya kiuchumi isipokuwa riba na adhabu zinazolimbikizwa juu yake. Sehemu nyingine wanaidai watu ambao hawakuwahi kukubali kuikopesha serikali: msafishaji wa mabweni anayekaribia kustaafu, mkulima aliyeleta mahindi na maharagwe jikoni mwa chuo, mwenye duka la vitabu. Katika miji ambayo chuo ndicho mwajiri na mteja wake mkuu, kama Njoro, Kesses au Maseno, mshahara uliochelewa kwenye lango la chuo huchelewesha kodi ya nyumba, karo ya sekondari na mauzo ya sokoni. Na bado kuna gharama ya muda. Septemba 2025 wahadhiri waligoma wakidai shilingi bilioni 7.9 za mkataba wa mishahara wa mwaka 2017 hadi 2021. Mgomo ulidumu siku 49. Kila mwanafunzi aliyekaa nyumbani kipindi hicho alicheleweshewa kuhitimu kwake, akakosa miezi ya mapato ambayo hakuna kitabu cha bajeti kinachoyaonyesha. Ukiziweka gharama hizi zote kwenye mizani pamoja na fedha ambazo zingelipwa kwa wakati, hakuna mtu wa kutuonyesha akiba iko wapi. Dawa ya deni ni kulipa, na deni hili litalipwa na mlipakodi yuleyule aliyeambiwa kwamba amepunguziwa mzigo.

Watetezi wa soko watajibu kwamba tatizo ni serikali kuendelea kujiingiza. Chuo kikiachwa kijitafutie, kitajisimamia. Jaribio hilo tumelifanya. Kwa karibu miaka 18, wanafunzi wa kujilipia ndio waliovibeba vyuo vyetu. Mabewa yalifunguliwa katika majengo ya kukodi katikati ya miji, kozi za biashara zikaongezeka kwa sababu hazihitaji maabara, na vyuo vikaajiri na kukopa kana kwamba mapato hayo yangedumu milele. Soko lile lilitegemea jambo moja: serikali iwe inachukua wachache kati ya waliofaulu ili wanaobaki wajilipie. Mwaka 2015 zaidi ya watahiniwa 160,000 wa mtihani wa kidato cha nne (KCSE) walipata alama ya kuingia chuo kikuu, C+ na kuendelea. Udanganyifu wa mitihani ulipodhibitiwa, idadi hiyo ilishuka mwaka 2016 hadi takriban 89,000, na mwaka uliofuata hadi takriban 70,000. Wote wakapewa nafasi za serikali, wengine hata katika vyuo vya kibinafsi. Wa kujilipia wakaisha. Mapato ambayo yangevikomboa vyuo yalitoweka katika misimu miwili ya mitihani, na mikopo na majengo yakabaki. Makerere, nchini Uganda, ilikuwa imetangulia kuipita njia hiyo tangu miaka ya 1990, ikasifiwa na wafadhili kama mfano wa kuigwa; kitabu cha Mahmood Mamdani cha mwaka 2007 kuhusu Makerere kinaeleza kwa kina jinsi idara zilivyogombania wanafunzi na kozi, huku utafiti ukidhoofika. Nchi mbili, vyuo tofauti, mwelekeo uleule: chuo kinachoishi kwa karo hufundisha kinachouzika leo, na kazi ndefu isiyo na mnunuzi hukosa mwenyewe.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la usawa, na halifai kujibiwa kwa haraka. Inasemwa kwamba ruzuku kwa wote humpa mtoto wa tajiri fedha za mkulima, kwa kuwa wengi wa watoto wa mkulima hawafiki chuoni. Mfumo wa 2023 ulikuja kama jibu: kila familia ipimwe uwezo, iwekwe katika mojawapo ya makundi matano, na mgao utofautiane. Kundi la kwanza lipate ufadhili wa asilimia 70, mkopo wa 25, na familia ichangie 5. Kundi la tano lipate ufadhili wa asilimia 30, mkopo wa 30, na familia itoe 40. Kwenye karatasi inaonekana haki tupu. Ila zaidi ya asilimia 80 ya ajira za Kenya nje ya kilimo kidogo ziko katika juakali, ambako hakuna hati ya mshahara. Unapimaje kipato cha mama muuza mboga, au cha mfugaji ambaye utajiri wake hufa kwa ukame mmoja? Fomu ilikisia, na makosa yake yakaangukia upande mmoja: tajiri anayejua kuficha mali alipita, na mwalimu mwenye hati ya mshahara na ndugu sita wa kuwasomesha akaonekana tajiri. Bei za kozi nazo zilipanda hadi gharama kamili. Udaktari katika Chuo Kikuu cha Nairobi ukatajwa kwa zaidi ya shilingi 600,000 kwa mwaka. Malalamiko yalikuwa mengi kiasi kwamba Rais mwenyewe aliunda kamati ya kuuchunguza mfumo mwaka 2024, na Desemba mwaka huo Mahakama Kuu ikautangaza kuwa kinyume cha Katiba, ingawa Mahakama ya Rufaa baadaye iliusimamisha uamuzi huo.

Njia ya kumfikia tajiri ipo na ni ya zamani: mtoze kodi baba yake leo, na mtoze mtoto atakapopata. Mamlaka ya Mapato, pamoja na udhaifu wake wote, inajua kipato cha watu kuliko fomu iliyojazwa na kijana wa miaka 18 kwenye simu. Isitoshe, mfumo wa kupima uwezo umezaa tabaka jingine la gharama lisilozungumzwa: msako wa basari. Mzazi aliyelemewa huenda kwa mbunge, kwa gavana, kwa mwakilishi wa wanawake, kwa chifu, akibeba nakala za vyeti. Fedha hizo za mifuko mbalimbali ni za umma, zimetoka katika kodi ileile, lakini zinamfikia mwanafunzi vipande vipande, zikiwa na jina la mwanasiasa. Kilichokuwa stahili kimekuwa fadhila. Anayetaka usawa wa kweli angeanza kwa kuzikusanya fedha hizo na kuzipeleka moja kwa moja vyuoni.

Wapo wanaouliza kwa nini tugharamie vyuo ilhali wahitimu wanazurura. Ukosefu wa kazi ni mchungu na wa kweli, lakini sababu yake haimo darasani peke yake. Shule za sekondari za chini zilipoanzishwa mwaka 2023 zilifunguliwa zikiwa na upungufu mkubwa wa walimu, wakati maelfu ya walimu waliohitimu walikuwa nyumbani. Madaktari waliohitimu wamesubiri miezi kadhaa kupangiwa mafunzo ya kazini, na hospitali za kaunti zinawahitaji. Huo ni upungufu wa ajira ya umma, na kuwapunguza wanaosomea kazi hizo hakutaongeza mwalimu hata mmoja darasani.

Kuhusu ubadhirifu, sina la kutetea. Wafanyakazi wasiofundisha ni wengi kupita kiasi katika vyuo kadhaa, na mabaraza mengine yamekuwa zawadi za kisiasa. Lakini vyuo saba vya umma vilivyokuwepo kufikia mwaka 2012 viligeuka 22 mwaka uliofuata kwa mkupuo wa hati zilizotolewa na serikali, karibu kila eneo likitaka chake, na hati hizo hazikufuatana na fedha. Anayezaa vyuo 15 kwa msimu mmoja wa uchaguzi hawezi kuvilaumu kwa njaa.

Viongozi wetu hupenda kutukumbusha kwamba miaka ya 1960 Kenya na Korea Kusini zilikaribiana kiuchumi. Wanaopinga ruzuku huongeza kwamba wanafunzi wengi wa Korea husoma vyuo vya kibinafsi. Ni kweli. Lakini mwaka 1971, ikiwa bado nchi maskini, serikali ya Korea ilianzisha taasisi ya sayansi inayojulikana leo kama KAIST, ikawasomesha wanafunzi wake bila karo na kuwapa posho, na leo nchi hiyo hutumia karibu asilimia 5 ya pato lake katika utafiti na uendelezaji. Tunachokiiga sasa ni taasisi kama hiyo pale Konza, inayojengwa kwa mkopo wa Korea wa takriban dola milioni 95. Itakapofunguliwa, swali litakuwa lilelile linalovikabili vyuo vikuu vya Moi na Egerton: nani atalipa wahadhiri mwaka wa tano, na wa kumi?

Ninachodai kinatekelezeka. Kila kozi ilipiwe kulingana na gharama yake, kwa wanafunzi wote walioitwa na serikali, kwa kiwango kilichowekwa na sheria na ambacho Hazina haiwezi kukipunguza katikati ya mwaka. Mkopo ubaki wa chakula na malazi, na asiye na kipato asitozwe faini. Serikali isiite mwanafunzi ambaye haijamtengea fedha. Na bajeti inaposomwa kila Juni, kando ya mgao wa kila chuo kuwe na safu ya pili inayoonyesha kile ambacho chuo hicho kinadaiwa na mfuko wa pensheni, Sacco, Mamlaka ya Mapato na wauzaji wake, ili mbunge anayepiga kura ya kupunguza mgao aione, kwenye ukurasa uleule, fedha anayoikopa na mtu anayemkopa bila kumwomba ruhusa.